Uvuli, Unyevu na Ukungu: Uhakiki wa Istilahi za Bustani ya Mahali pa Majimaji

Sentensi ifuatayo, au nduguye, haikosi kuonekana katika vijitabu vya ushauri wa kilimo cha bustani: "Miche ipandwe mahali penye kivuli na unyevu wa kutosha." Mwanasarufi hataona kosa ndani yake. Mfasiri aliyeitoa katika lugha ya kigeni ataapa kwamba hakuongeza wala hakupunguza neno. Hata hivyo, mkulima wa Maguu, katika milima ya Umatengo wilayani Mbinga, akiisoma sentensi hiyo hapati agizo awezalo kulitekeleza. Shamba lake limeinama mlimani. Chini yake kunapita kijito. Mvua humnyeshea tangu Desemba hadi Aprili, kisha huja miezi ya baridi na ukungu. Mtu huyo amezungukwa na kivuli na unyevu pande zote. Anachotaka kuambiwa ni kivuli kipi na unyevu upi.

Makala haya yanakusudia kuhakiki istilahi tatu zitumikazo katika maandishi ya namna hiyo, yaani kivuli, unyevu na ukungu, pamoja na istilahi nyingine chache zinazoambatana nazo. Hoja yetu ni moja. Kila moja ya istilahi hizi imetwishwa hali mbili au tatu ambazo mmea wenyewe huzitofautisha, hata ukaishi katika moja na kufa katika nyingine. Maneno ya kuzitenganisha hali hizo yamo tayari katika Kiswahili na katika lugha ndugu zake. Yaliyopungua ni sisi kuyaita kazini.

1. Kivuli na uvuli

Lugha yetu ina maneno mawili mahali ambapo vijitabu hutumia moja. Kivuli ni umbo la giza linaloangushwa na kitu kilichozuia mwanga: mtoto hukikimbiza kivuli chake, na mwizi husalitiwa na kivuli chake ukutani. Uvuli ni hali ya mahali palipokingwa jua: wazee huketi uvulini, na mzigo huwekwa uvulini usiharibike. Katika matumizi ya kila siku kivuli kimelimeza neno la pili, wala hatuna haja ya kuwakemea watu sokoni kwa jambo hilo. Lakini mwandishi wa istilahi anayetaka kueleza makao ya mmea ana neno lililo sahihi zaidi, nalo ni uvuli.

Kulirejesha neno pekee hakutoshi, kwa kuwa uvuli nao una daraja zake. Tuchukue mfano wa mbuni, zao ambalo Umatengo umelitegemea kwa fedha tangu miaka ya 1920. Asili ya Coffea arabica ni misitu ya milimani kusini-magharibi mwa Ethiopia, ambako ulimea chini ya miti mirefu. Ndiyo sababu miche yake huezekewa kitaluni, na paa hilo hupunguzwa kidogo kidogo kadiri siku ya kuihamishia shambani inavyokaribia. Jani lililokulia uvulini ni pana na jembamba. Likitolewa juani ghafla huungua. Agizo la "kuweka kivuli" lisilosema ni kwa kiasi gani na mpaka lini haliwezi kuiokoa miche hiyo.

Sisi tunaona kwamba daraja tatu zinatosha kwa kazi ya kawaida.

Ya kwanza ni uvuli mzito, yaani mahali ambapo jua halifiki kutwa nzima: chini ya majani yaliyoshonana, au katika korongo lenye kuta mbili. Hapo kangaga hustawi, lakini mboga za kawaida hazina faida. Mchicha uliopandwa katika uvuli mzito hurefuka bila unene na majani yake hudhoofu, hata udongo uwe mzuri namna gani.

Ya pili ni uvuli wa chekeche, yaani mahali ambapo mwanga hupita katika matundu ya majani kama unga upitavyo katika chekeche. Mfano bora ni kihamba cha Wachagga katika miteremko ya Kilimanjaro: miti mirefu juu, migomba chini yake, mibuni chini ya migomba, na magimbi na mboga karibu na ardhi. Kila tabaka huuchekecha mwanga kabla ya kulifikishia tabaka la chini. Iliki na tangawizi hupenda daraja hii.

Ya tatu ni uvuli wa nusu siku. Hapa yafaa kusema ni nusu ipi. Jua la asubuhi huja wakati hewa bado ni baridi, nalo hukausha umande majanini mapema. Jua la alasiri hukuta hewa na udongo vimekwisha kupata moto, na mimea ya majani laini hunyauka. Bustani mbili zinazopata saa sita za jua kila moja si bustani za namna moja, iwapo moja hulipata asubuhi na nyingine alasiri. Katika mabonde membamba ya Umatengo, ambako mlima wa mashariki waweza kuchelewesha jua na mlima wa magharibi kulimaliza mapema, jambo hili si la kupuuzwa.

2. Hatari ya kuifasiri dira

Kuna kosa jingine la kivuli ambalo halionekani katika orodha yoyote ya istilahi, maana si kosa la neno bali ni kosa la mahali. Vitabu vya bustani vilivyoandikwa Ulaya husema kwamba mimea ipendayo uvuli ipandwe upande wa kaskazini wa nyumba au wa ukuta. Kwa Uingereza ushauri huo ni wa kweli mwaka mzima, kwa kuwa jua la adhuhuri huko huwa upande wa kusini daima. Mfasiri mwaminifu huandika "upande wa kaskazini", naye hujiona ametimiza wajibu.

Maguu iko karibu nyuzi 11 kusini mwa Ikweta. Tangu mwishoni mwa Februari hadi Oktoba hivi, jua la adhuhuri huko hupita upande wa kaskazini, na mwezi wa Juni huwa limeinama nyuzi zipatazo 34 kutoka utosini. Kwa miezi minane, basi, upande wa kaskazini wa nyumba ya Maguu ndio unaopigwa na jua, na uvuli huangukia kusini. Katika miezi iliyobaki jua huhamia kusini kidogo, lakini hukaa karibu na utosi, hata ukuta hautoi uvuli wa maana wakati wa adhuhuri upande wowote. Mkulima akikitii kitabu kilichofasiriwa neno kwa neno, ataipanda miche yake mahali ambapo jua kali la kiangazi litaikuta.

Tunasisitiza jambo hili kwa sababu wengi wetu tumefundishwa kwamba tafsiri sahihi ni ile isiyogusa maana ya asili. Katika maandishi ya maarifa ya kazi, maana ya asili ni matokeo yatakiwayo shambani. Neno "kaskazini" katika kitabu cha Uingereza lina maana ya "upande usiopata jua la adhuhuri". Hiyo ndiyo tafsiri yake.

3. Unyevu wa namna tatu

Historia ya neno rutuba yafaa kutangulia hapa. Kwa asili yake ya Kiarabu, rutuba ni hali ya kuwa na majimaji, na kamusi za zamani za Kiswahili ziliirekodi kwa maana hiyo. Leo mwanafunzi wa shule akiulizwa maana ya rutuba atajibu kwamba ni ubora wa udongo uwezao kulisha mimea. Neno limehama kutoka kwenye maji hadi kwenye chakula cha mmea. Uhamaji huo si wa ajabu: katika nchi ambayo ukame ndiyo hofu ya kwanza, udongo wenye maji ndio udongo mwema. Lakini umetuachia fikra kwamba maji yakizidi, wema nao umezidi. Fikra hiyo ingali imejificha ndani ya maneno "unyevu wa kutosha".

Unyevu wa kwanza ni ule wa udongo: maji yaliyoshikwa na chembe za udongo na mboji, na baina yao nafasi zenye hewa. Mizizi hunywa na kupumua kwa wakati mmoja. Hii ndiyo hali itakiwayo na mazao mengi ya uvulini, ikiwa ni pamoja na mbuni, iliki na tangawizi.

Unyevu wa pili si unyevu tena, bali ni maji yaliyotuama. Nafasi za hewa zimejaa, mizizi inakosa pumzi, na kuvu waozeshao mizizi wanapata nafasi. Dalili ya kwanza huwa ni majani kunyauka. Hapo ndipo istilahi mbaya inapoleta hasara kamili: mkulima aona mche umenyauka, akumbuka kwamba kijitabu kilitaka unyevu wa kutosha, naye aongeza maji. Tangawizi hushindwa haraka kwa kuoza chini ya ardhi. Gimbi, kwa upande wake, lina njia za hewa katika mashina na mizizi yake, nalo huweza kuishi katika matope ambayo yangeua mbuni kwa muda mfupi. Mimea hii miwili huandikwa katika orodha moja ya "mimea ipendayo unyevu", na orodha hiyo haifai kitu.

Unyevu wa tatu ni wa hewa. Mfano wake wa kufundishia unatoka hapa hapa Tanzania. Mwaka 1892 Baron Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani wa wilaya ya Tanga, alipata ua dogo la zambarau katika nchi ya Usambara. Mwaka uliofuata mtaalamu wa mimea Hermann Wendland alilipa jina la Saintpaulia ionantha, na tangu hapo uzao wake umeenea madirishani mwa nyumba za Ulaya na Marekani. Makao yake ya asili ni uvuli wa msitu, mara nyingi juu ya miamba iliyo karibu na vijito. Hewa yake ni yenye unyevu mwingi, lakini mizizi yake imeshika tabaka jembamba la udongo juu ya jiwe, ambako maji hayakai. Wanunuzi waliosikia kwamba ua hilo "hupenda unyevu" wakalijazia maji chungu chake, wameliozesha. Limekufa kwa maji huku likitafuta mvuke.

Kwa hiyo tunapendekeza kutenga istilahi. Unyevu ubaki kuwa wa udongo. Kwa hewa litumike unyevuanga, neno ambalo baadhi ya waandishi wamekwisha kulizoea, au "unyevu wa hewa" pale ambapo msomaji ni mgeni wa neno hilo. Kwa hali ya pili tunayo maneno ya Kiswahili yasiyo na dosari: kutuama, chepechepe, na kivumishi -oevu. Hapa tuwape heshima yao waandishi wa vijitabu vya kilimo waliozoea kuandika "udongo usiotuamisha maji". Hiyo ni istilahi iliyo hai. Haikufasiriwa kutoka kokote. Imeundwa kutokana na kitendo kinachoonekana kwa macho, na mtu aweza kuijaribu kwa kuchimba shimo, kulijaza maji na kusubiri.

4. Ngoro si shimo

Iwapo yupo anayedhani kwamba utengano huu wa unyevu na maji yaliyotuama ni mambo ya vyuoni, na aende Umatengo akatazame ngoro.

Kazi ya ngoro huanza mvua zinapokaribia kwisha. Majani hufyekwa katika mteremko, huachwa yakauke, kisha hupangwa kwa mistari inayokatana hata mteremko mzima ukawa na miraba. Udongo wa katikati ya kila mraba huchimbwa na kufunikizwa juu ya majani yale. Kwa desturi wanaume hufyeka na kupanga, na wanawake huchimba na kufukia. Matokeo yake ni matuta yanayozunguka shimo, mraba baada ya mraba, kama mkeka uliotandazwa mlimani. Maharage hupandwa juu ya matuta, na mahindi hufuata katika msimu wa mvua. Shimo hupokea maji ya mvua na udongo uliosombwa, likaupunguzia mlima mmomonyoko. Majani yaliyozikwa huoza na kuwa mboji chini ya mizizi.

Maandishi mengi yameuita mtindo huu "mashimo ya Wamatengo". Jina hilo limefuata istilahi ya kigeni, na linapotosha. Linalielekeza jicho la msomaji kwenye shimo, ilhali mmea uko kwenye tuta. Upotoshaji huu unazidi uzito tukikumbuka kwamba nchini mwetu kuna mashimo mengine ya kilimo yaliyo kinyume kabisa. Katika mashimo ya Chololo, mkoani Dodoma, mbegu hupandwa ndani ya shimo, kwa kuwa huko maji ni machache na lazima yakusanywe miguuni pa mmea. Mtindo wa zai wa nchi za Saheli nao ni hivyo hivyo. Mtu wa Dodoma akisoma "mashimo ya Wamatengo" atapanda shimoni. Na mvua za Umatengo zitamzamishia maharage yake.

Ngoro basi ni istilahi iliyobeba ndani yake hali mbili za maji: shimo linalotuamisha, na tuta lisilotuamisha. Mmea husimama pakavu na kunywa kutoka karibu. Neno moja la herufi tano linasema jambo ambalo kijitabu hakikuweza kulisema kwa sentensi nzima. Linastahili kuingizwa katika Kiswahili sanifu kama lilivyo. Wengine huliandika ngolo. Tofauti hiyo ya r na l haipaswi kutuchelewesha, maana tahajia ya ngoro ndiyo iliyoenea zaidi katika maandishi ya Kiswahili. Pamoja nalo lifikiriwe neno ntambo, ambalo kwa Wamatengo ni eneo la mteremko lililopakana na vijito na kutumiwa na watu wa ukoo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo na wenzao wa Japani walioshughulika huko tangu miaka ya 1990 waliyachukua maneno haya mawili na kuyatumia katika maandishi yao ya kigeni. Itakuwa ajabu wageni wayakubali na sisi tuyafasiri.

5. Ukungu wenye sura mbili

Istilahi ya tatu ni fupi kuihakiki, lakini madhara yake yana bei ya fedha taslimu. Ukungu ni mvuke mzito unaotanda asubuhi juu ya mabonde. Ukungu vilevile ni ule uchafu mweupe au mweusi uotao juu ya mkate na majani. Vijitabu huandika "magonjwa ya ukungu" na maduka huuza "dawa ya ukungu". Kwa mkulima wa pwani labda hapana utata. Kwa mkulima wa Maguu, ambaye ukungu wa kwanza huamka naye kila asubuhi ya baridi, utata ni mkubwa.

Ubaya wake ni kwamba mambo haya mawili yana uhusiano wa kweli, na uhusiano huo ndio unaotakiwa kufundishwa. Kutu ya majani ya mbuni na chulebuni, ugonjwa ulioonekana nchini Tanzania mwaka 1964, husababishwa na kuvu. Vijimbegu vya kuvu hao vinahitaji maji juu ya jani au tunda ili viote. Umande na ukungu unaokawia kukauka huvipa nafasi hiyo. Mkulima anayeelewa hivyo atapogoa mibuni, atapunguza matawi ya miti ya juu ili kuugeuza uvuli mzito kuwa uvuli wa chekeche, na jua la asubuhi litafanya sehemu ya kazi ya dawa. Lakini ukimwandikia kwamba "ukungu huleta ukungu", amebaki na duka tu.

Dawa ya kosa hili imo kabatini tayari. Kamusi ya Biolojia, Fizikia na Kemia iliyotolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 1990 ni miongoni mwa kazi zilizokwisha kututengenezea njia ya kuzungumza juu ya viumbe hai kwa istilahi zilizo wazi. Kiumbe aitwe kuvu. Dawa iitwe kiuakuvu. Na ukungu tuuachie milima.

6. Pale istilahi inapokuwa amri

Hadi hapa tumesema juu ya miche. Watumishi wa serikali wanaosoma jarida hili wana sababu nyingine ya kuwa waangalifu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, katika kifungu chake cha 57, inazuia ndani ya meta 60 za kingo za mito na fukwe za maziwa shughuli za binadamu zilizo za kudumu au zinazoweza kuathiri hifadhi ya maeneo hayo. Tangu mwaka 2021, Kiswahili kilipofanywa kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, istilahi za mambo haya zimekuwa mzigo wetu moja kwa moja.

Istilahi "ardhi oevu", iliyopata nguvu baada ya Tanzania kuingia katika Mkataba wa Ramsar mwaka 2000, ni ya kusifiwa: imeundwa kutokana na kitenzi cha Kiswahili, inatamkika, na haigongani na neno jingine. Lakini bonde lenye unyevu lina watu. Mkoani Iringa wakulima wana vinyungu, yaani bustani za mabondeni zinazolimwa wakati wa kiangazi kwa unyevu uliobaki ardhini. Milimani Mbinga pia watu hulima mboga chini karibu na kijito wakati mteremko umekauka. Afisa anapoandika taarifa yake, je, ataandika kinyungu, ardhi oevu, au chanzo cha maji? Kila jina lina matokeo yake. Akiita bustani ya msimu chanzo cha maji, mama wa watu atang'olewa mboga zake. Akiita chemchemi bustani, kijiji kizima kitakosa maji ya kunywa. Hatusemi ni lipi lililo sahihi kwa kila bonde. Twasema kwamba taarifa isiyotenganisha maji yanayotoka ardhini, maji yaliyotuama na unyevu uliobaki haiwezi kutoa haki.

7. Pingamizi mbili

Watakuwapo watakaosema kwamba mkulima hahitaji istilahi nyingi kiasi hiki. Pingamizi hilo limegeuza mambo. Mkulima anazitenga hali hizi tayari kwa macho na kwa jembe. Aliyeziunganisha ni mwandishi. Hatumwongezei mkulima mzigo; tunamwomba mwandishi afikie kiwango cha mkulima.

Wengine watasema kwamba maneno kama ngoro na kinyungu hayatajulikana Pemba wala Lamu. Ni kweli, kwa leo. Hata kihamba hakikujulikana nje ya Kilimanjaro, wala magimbi hayaliwi kwa jina moja kila mahali. Utaratibu uliozoeleka katika kuunda istilahi ni kuanza na Kiswahili chenyewe na lahaja zake, kisha lugha nyingine za Kibantu, kabla ya kwenda mbali. Kwa mintarafu ya kilimo cha milimani na mabondeni, watu wa milimani na mabondeni ndio mabingwa. Kiswahili kilizaliwa pwani, nacho hakina deni la aibu kwa kuazima maneno ya milima kutoka kwa wenye milima.

8. Mapendekezo

Kwa muhtasari, tunayatoa mapendekezo yafuatayo kwa wafasiri, walimu na maafisa ugani:

(a) Uvuli utumike kwa hali ya mahali. Kivuli kwa umbo linaloangushwa na kitu. "Miti ya kivuli" iachwe kwa kuwa imekwisha kuzoeleka katika kilimo cha kahawa.

(b) Daraja ya uvuli itajwe: mzito, wa chekeche, au wa nusu siku, na kwa nusu siku, jua ni la asubuhi au la alasiri.

(c) Dira isifasiriwe kutoka vitabu vya nchi za kaskazini. Iandikwe "upande usiopata jua", na mwezi utajwe.

(d) Unyevu uwe wa udongo. Unyevuanga uwe wa hewa. Maji yakikaa, isemwe kwamba yametuama.

(e) Kuvu awe kiumbe. Ukungu uwe mvuke.

(f) Ngoro, ntambo na kinyungu yaingizwe katika orodha za istilahi bila kufasiriwa, kila moja na maelezo yake.

Kipimo cha istilahi hizi kiwe rahisi. Mwalimu amsomee mwanafunzi sentensi, kisha ampe jembe na mche. Mwanafunzi akijua pa kuchimba, istilahi imefaulu. Akiuliza "Wapi, mwalimu?", sentensi irudishwe kwa mwandishi wake.

Yako mengi ambayo hayamo katika orodha hii. Ua la Saintpaulia, kwa mfano, limekwisha kuzunguka dunia, nalo hurudi kwetu kwa jina la kibiashara ambalo wafasiri wengine hushawishika kulifanya "urujuani wa Afrika", ingawa mmea wenyewe hauna udugu na urujuani wa Ulaya. Kabla ya kukubali jina la namna hiyo, inatupasa kuwauliza watu wa Usambara wanaliitaje. Vivyo hivyo kwa kangaga, kwa aina za magimbi, na kwa mboga zinazochumwa kando ya vijito vya Umatengo na kule chini katika ufuko wa Ziwa Nyasa. Wasomaji walio kazini katika sehemu hizo wanaombwa kuyaandika majina hayo pamoja na hali ya udongo, ya mwanga na ya maji ambamo kila mmea huota, na kuyaleta kwa ajili ya mjadala.